Bi Nakaniwa na Kivuli cha Mwewe

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani, ya watu walioshiba mihogo? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, jua lilipokuwa likitembea polepole hata anayelitazama anasinzia, palikuwa na kijiji juu ya kilima. Kuku wa kijiji kile walilala ndani, mchana wakatembea watakako. Na mwewe? Alikuwepo, tena mkubwa. Lakini watu walikuwa na desturi yao. Anayekiona kivuli chake kwanza hupiga kelele, "Mwewe huyooo!" Jirani hupokea, na jirani wa jirani hupokea, masufuria yanagongwa kilima kizima, mwewe anaondoka na njaa yake.

Nyumba ya kwanza ukingoni ilikuwa ya Bi Nakaniwa. Kivuli hakikuingia kijijini bila kupita uani kwake. Alikuwa na kuku mmoja, Madoa, mwenye vifaranga saba. Mbegu ile aliachiwa na marehemu mama yake, na kuku mwingine hakuwa naye. Aliwapenda, jamani! Akawafunika kwa tenga, akakaa kando akisuka mkeka.

Adhuhuri moja, upepo umetulia, jani halitikisiki, mwewe akatua juu ya paa. Akasema kwa sauti laini, "Nakaniwa, wako wamo tengani. Ukinyamaza, hao siwagusi. Suka mkeka wako."

Maneno yakamwingia kama usingizi. Kivuli kikapita uani, kikaelekea kwa jirani yake, Mama Hiza, aliyekuwa na vifaranga watatu tu, yatima.

Madoa akalia, "Bibi, kivuli! Piga kelele!"

"Nyamaza, wewe umo tengani."

Kifaranga mmoja wa Mama Hiza akaenda.

Kesho yake, kivuli kikapita. "Bibi, kivuli! Piga kelele!"

"Nyamaza, wewe umo tengani."

Wa pili akaenda.

Siku ya tatu vilevile. "Bibi, kivuli! Piga kelele!"

"Nyamaza, wewe umo tengani."

Mama Hiza akabaki na uwanja mtupu. Na Bi Nakaniwa akaenda kumpa pole, macho makavu! Mnamwona mtu huyo?

Lakini kifaranga hakui tengani. Anataka mchwa, anataka vumbi la kuogea. Wale saba wakaanza kuinamisha vichwa, mbawa zinaning'inia. Siku ya nne Bi Nakaniwa akainua tenga. Wakatoka mbio, wakatapakaa juani, naye akawatazama mpaka kope zikawa nzito.

Mara, kivuli!

Akafungua mdomo. Sauti haipo. Akajaribu tena, haipo. Mara ya tatu, haipo. Kumbe mwewe alikuwa akiibeba kidogo kidogo, siku zile zote.

"Niliahidi walio tengani," mwewe akasema, huku anashuka.

Ndipo kelele zikapasuka upande wa pili wa ua. "Mwewe huyooo!" Ni Mama Hiza, sufuria mkono huu, mwiko mkono huu. Kilima kizima kikapokea. Mwewe akayumba, akapaa kucha tupu, na sauti ya Bi Nakaniwa ikamdondoka njiani, ikamrudia mwenyewe.

"Mama Hiza," akasema Bi Nakaniwa, "umepiga kelele kwa ajili ya nani, nawe huna hata unyoya uani?"

"Nimeona kivuli, jirani, nikapiga kelele. Kwani wewe siku zile tatu hukukiona?"

Aibu ilimchoma Bi Nakaniwa, akalia kwa kwikwi. Kisha akambeba Madoa na vifaranga wote saba, akawatua miguuni pa Mama Hiza.

"Wakae kwako, dada. Mimi nipo ukingoni, naangalia juu."

Na akaangalia juu mpaka akazeeka, bila kuku hata mmoja wa kwake, na kila adhuhuri sauti ya kwanza kilimani ilikuwa yake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Asiyeamini akamuulize mwewe.