Mwenye Kisima cha Mwambani

Hapo zamani, katika nchi kubwa ambayo magharibi yake msitu haukauki na mashariki yake mvua hukosekana hata miaka mingi, kijiji kizima cha mashariki kilihamia ziwani. Alibaki Nyamizi peke yake, maana mama yake alikuwa hawezi tena kutembea.

Njiani, Lubango mrina asali akakumbuka jambo. Akawaacha mkewe na watoto, akarudi mwendo wa siku mbili.

"Nyamizi, pale mwambani nyuki hawajawahi kuhama. Maji yapo chini."

Alipowafikia tena wenzake, mwanawe mdogo alikuwa ameshazikwa.

Nyamizi akachimba, mwamba ukamshinda. Akapita Sendama, mchimba shaba aliyekuwa akirudi kwao, akamkuta analia juu ya jembe lililovunjika. Akakaa siku arobaini, akiupasua mwamba kwa moto na nyundo. Kipande cha jiwe kikampofua jicho moja. Maji yakatoka. Akanywa, akaenda zake.

Mama akafa. Nyamizi akamzika mwenyewe. Angeweza kuwafuata wenzake, lakini mchanga ungekifukia kisima kwa mwezi mmoja, nao wakirudi wakute nini? Akabaki. Kila asubuhi alishuka kuzoa mchanga. Kila asubuhi alikizungushia miiba. Jioni alichemsha mizizi ya watu wawili, akala nusu, nusu akaitazama. Miezi ilipita hajasikia sauti ya mtu, hata yake mwenyewe. Ikawa miaka sita.

Mvua ikarudi, watu wakarudi. Sendama naye akaja kuhamia. Wakakubaliana kwamba kisima kiwe na mwenyewe, ajengewe nyumba kando yake, na kila ajaye kuteka aanze kwa kumwamkia.

Lubango akasema, "Mimi ndiye niliyejua. Nilirudi kusema, mwanangu akazikwa sipo."

Sendama akasema, "Ndugu yangu, pole sana. Lakini mngeunywa mwamba? Mimi niliupasua. Jicho langu limo humo."



"Jamani, bila mimi mngekuta mchanga," akasema Nyamizi. "Ila heshima siitaki. Nyumbani kwangu hapiti mtu. Nataka tu kukipambazuka nisikie mtu anabisha hodi."

Lubango akainama. Sendama akageuza uso. Nyumba ilikuwa moja tu.

Je, wenzangu, mngekuwa pale, mngemkabidhi nani kisima kile?