Jina la Kisima cha Kigamba

Sogeeni, na anayetafuna muwa atafune kimyakimya. Kisa hiki kina ugomvi ndani yake, na ugomvi mzuri hausikiki kwenye makelele.

Paliondokea kijiji cha Kigamba, kando ya mto Mkole, na palikuwa na wanawake watatu. Somoe alikuwa na mikono. Akisuka mkeka, hata mkwe bahili husahau kulalamika. Tabu alikuwa na koo. Harusi asiyoimba yeye, watu walinong'ona kwamba bibi harusi ametoroshwa. Chausiku, mtu wa ng'ambo ya mto, alikuwa na rangi. Yeye ndiye aliyewauzia wasukaji wote rangi ya kuchemshia ukindu, na nyekundu yake ilikuwa nyekundu kweli, kama upanga wa jogoo.

Mwaka mmoja nyekundu ya Somoe ikatoka sufuriani kama masizi. Akachemsha tena, masizi tena. Badala ya kuyatazama maji, akamtazama muuzaji. Siku ya gulio alivuka daraja, akaumwaga ukindu wote miguuni pa Chausiku, watu wakishuhudia.

"Mwizi mkubwa we! Unatuuzia majivu?"

"Somoe dada yangu, rangi ni ileile."

"Dada yako nani? Mimi sina dada mwizi!"

Basi, mnavyotujua. Kufika jioni, Chausiku alikuwa mwizi; kufika Ijumaa, na mama yake alikuwa mwizi. Rangi ikakosa mnunuzi, posa ya binti yake ikavunjwa, na ng'ambo mbili zikaacha kusalimiana.

Katikati ya fujo hiyo, Riziki, kitindamimba wa Somoe, alisukuma kikombe.

"Mama, maji yananuka ngozi."

"Kunywa, usinidekee. Wote tumekulia maji haya."

Mtoto akanywa. Tumbo likamkata, likamkata, na kiangazi hakijaisha wakamzika.

Chausiku alikuja msibani bila kuitwa. Alikaa nyuma, hakuna aliyempa chai. Matanga yalipokwisha, alipanda na mto hadi akakipita kiwanda cha ngozi kilichofunguliwa mwaka ule, akateka maji, akachemshia ukindu. Nyekundu! Akateka chini ya bomba la kiwanda linalomwaga uchafu mtoni, akachemsha. Masizi. Akayafunga mafungu mawili, akampelekea Somoe, akamwekea mapajani.

"Si rangi, mama Riziki. Ni maji."

Somoe alishika fungu jeusi. Alichokiona pale hakikuwa ukindu. Alikiona kile kikombe.

Akaanza kusuka. Ukili wa kwanza, utepe wa mkeka, aliutia rangi kwa maji ya juu, uliofuata kwa maji ya chini kidogo, na kadiri alivyoshona, nyekundu ikafifia hadi ncha ya mwisho ikawa nyeusi tititi. Aliyeujua mto aliusoma mkeka ule kwa kuutazama tu.

Kigamba wana desturi yao: mgeni anayekalishwa kwenye mkeka mpya hainuki mpaka anywe maji ya mwenye nyumba. Wakamwalika meneja wa kiwanda. Lakini kijiji kimoja angekicheka, kama alivyowacheka waliokwenda ofisini kwake. Ndipo Chausiku alipopita mlango kwa mlango kule ng'ambo.

"Walituita wezi, leo tukawajazie uwanja?" wakamfokea.

"Mimi ndiye niliyeitwa mwizi, nami nakwenda. Nyie mmeitwa nani?"

Wakaja wote, hadi vikongwe wenye mikongojo.

Meneja akakalishwa kwenye ncha nyeusi. Tabu akaanza kuimba:

*Mgeni kaa, mkeka ni wako,*
*ncha nyekundu ya kwetu, ncha nyeusi ya kwako.*

Ng'ambo zote mbili zikaitikia. Kikombe cha maji ya mto kikaletwa. Meneja akakinusa, akacheka kicheko kikavu.

"Mbona wenyeji hamnywi?"

"Ndiyo tunywayo kila siku, baba," Tabu akasema. Akakipokea, akanywa hadi tone la mwisho, akakijaza tena, akamnyooshea. "Zamu yako."

Meneja akakiweka kikombe chini. Kunywa hakuweza, kuinuka hakuweza, maana ng'ambo zote mbili zilikuwa zimemzunguka. Jua likamhama, likamrudia mgongoni, watu wakimtazama tu. Mwishowe akatamka mbele ya wote: bomba litazibwa, na kisima kitachimbwa darajani, cha ng'ambo zote mbili.

Kikachimbwa. Lakini Tabu aliumwa mwezi mzima, na alipoinuka, koo lake lilikuwa linakwaruza kama mlango mbovu. Hajaimba tena.

Sasa sikilizeni penye kidonda. Kigamba, anayeteka ndoo ya kwanza ndiye anayekipa kisima jina, na jina halibadilishwi. Kabla ya jina, hanywi mtu.

"Kiitwe Riziki," Somoe akasema, kamba ya ndoo mkononi. "Bila mkeka wangu meneja asingekaa. Nami sina kingine cha kumpa mwanangu."

"Kiitwe Chausiku," akasema Chausiku. "Bila mimi hadi leo mngelaumu rangi. Ulinitukana mbele za watu, Somoe. Nisafishe mbele za watu. Wajukuu wangu walisikie jina langu bila kutema mate."

Tabu akakwaruza, ikabidi wainame kumsikia. "Kiitwe kwa wimbo wangu, Ncha Nyekundu. Bila kikombe kile nilichokinywa, meneja angeinuka akaenda zake. Mimi siimbi tena. Basi kisima kiimbe."

Somoe akamtazama Chausiku, akamtazama Tabu. Akataka kushusha ndoo, mkono ukakataa. Akataka kuwapa kamba, vidole vikakataa. Jua limepanda, ndoo bado kavu, na watoto wenye kiu wameanza kuugeukia mto, ambao bado unanuka.

Haya, nyie mlionyamaza ghafla. Kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani? Amua upesi, watoto wanateremka.