Mwinjilisti Aliyemwonea Wivu Muuza Ndizi

Hii nimeletewa leo asubuhi na dada mmoja wa kanisani. Nimeisoma mara mbili, nikaona si haki niikalie peke yangu.

Kule milimani kwenye mashamba ya chai palikuwa na mwinjilisti, jina lake Ambakisye. Maandiko aliyajua kweli kweli. Ukimtajia sura, yeye anakutajia mstari kabla hujafungua kitabu. Watu walimheshimu, naye alipenda kuheshimiwa.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha: Mama Lugano. Huyu alikuwa mjane muuza ndizi, hajui kusoma wala kuandika, kanisani hukaa benchi la mwisho. Lakini mtu akigombana na mkewe, au binti akielemewa na maisha, utamwona anapandisha njia ya kwa Mama Lugano, si ya kwa mwinjilisti. Ibada ikiisha, Ambakisye husimama mlangoni kuwapa watu mkono, huku macho yake yako uani kwa wale waliomzunguka yule mama. Akirudi nyumbani, chakula hakipiti.

"Hebu niambie," alimwuliza mkewe siku moja, "mtu asiyejua hata kuandika jina lake ana hekima gani ya kunizidi mimi?"

Mkewe akaendelea kuosha vyombo, na hilo likamchoma zaidi.

Wakati huo walikuwapo ndugu wawili, Asegelile na mdogo wake Gwamaka, wakigombea shamba la marehemu baba yao. Mwaka wa tano huo. Wazee wa ukoo walishindwa, Ambakisye naye alishindwa. Juzi tu walikuwa wameshikiana mapanga. Walipomrudia tena, wazo likamjia.

"Nendeni kwa Mama Lugano," akasema. "Mwambieni nimewatuma mimi."

Leo ataumbuka, akasema moyoni. Akawaacha watangulie, akawafuata, akajibanza nyuma ya jiko la yule mama ajisikilizie mwenyewe.

Mama Lugano aliwasikiliza mpaka wakaishiwa maneno.

"Wanangu, mimi sina akili ya kukata mashamba," akasema. "Tuombe kwanza."

Wakaomba. Kisha akauliza, "Mkubwa ni nani hapa?"

"Mimi," akajibu Asegelile.

"Jumapili tumesomewa habari za Abrahamu na Lutu, wachunga mifugo wao walivyogombana. Abrahamu ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini akamwambia Lutu achague kwanza. Je, Mungu alimwacha Abrahamu akose mahali?"

Asegelile akamgeukia mdogo wake. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Gwamaka, chagua wewe. Upande wowote."

Gwamaka akashindwa kuchagua. "Kaka, tugawane katikati tu. Tumeumizana vya kutosha."

Nyuma ya jiko, wivu ulimpanda Ambakisye. Ndipo akamsikia Asegelile akiuliza, "Mama, haya yote ulifundishwa na nani?"

"Si Mwinjilisti wetu? Mimi sijui kusoma. Kila Jumapili namsikiliza, nabeba neno moja, nahangaika nalo wiki nzima mpaka nilitende. Yote niliyo nayo nimeyapata kinywani mwake."

Ambakisye akasikia kila neno. Ni kweli, yeye ndiye aliyesoma. Lakini alisoma huku moyo wake uko benchi la mwisho, unamchukia mtu. Neno lilikuwa limepita mdomoni mwake likaenda kumlisha mwingine, yeye akabaki na njaa.

Akatoka mafichoni, akapiga hodi.

"Mama Lugano, hawa niliwatuma ili uaibike."

Yule mama akamtazama kwa mshangao. "Mimi nilidhani umeniamini, Mwinjilisti. Ndiyo maana nimeomba sana, nisije nikakuaibisha."

Ambakisye akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya ndizi, mbele ya wale ndugu wawili, akamwomba msamaha. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilisema: "Niombeeni na mimi."

Funzo: Unaweza kulijua Neno la Mungu lote, ukalifundisha, na bado ukawa mpumbavu kwa kutolitenda, lakini mwenye hekima husikia neno moja tu akaliishi. Chunga sana wivu, usije ukamchukia mtu kwa baraka ambayo Mungu alimpa kwa kukutumia wewe.