Magunia ya Bwana Shaweji

Kumhamisha paka si kuhamisha jalala. Mmeisikia leo mkacheka, sasa mwataka kujua ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika soko la samaki la Mzambarauni alikuwapo Bi Zawena, muuguzi mstaafu asiyejua kukaa kitako. Kila asubuhi alikuja na ndoo ya ugali uliochanganywa na dagaa, akawalisha paka kumi na wanane walioishi nyuma ya mabanda. Wala hakuwalisha tu. Aliwanasa mmoja mmoja kwa kizimba, akawapeleka kwa daktari wa mifugo wafungwe kizazi na kuchanjwa, kisha akawarudisha palepale. Aliyekwisha kutibiwa alikatwa ncha ya sikio ili ajulikane. Kumi na mmoja walikuwa tayari.

Lakini wachuuzi walichoshwa na vilio na harufu, na mwenyekiti wa soko, Bwana Shaweji, alikuwa mtu wa kumaliza mambo haraka. Jumatatu moja Bi Zawena alifika, akaita kama kawaida yake. Kimya. Akazunguka mabanda mara tatu, ndoo mkononi.

Mwanahawa, muuza ngisi, akamwambia bila kumtazama, "Bibi, jana wametiwa magunia. Wametupwa ng'ambo ya mto."

Bi Zawena akavuka mto siku ileile. Siku nne alipita mashamba ya mkonge akiita mpaka sauti ikamkauka. Alipata watatu tu, wamekonda, mmoja mguu umevunjika, akawaweka nyumbani kwake. Tangu hapo hakutulia. Akiketi, anasimama, akisimama, anatoka, akisikia chochote kikilia, anageuka.

Sokoni nako utulivu haukudumu. Kwanza wakaja panya, wakatoboa magunia ya dagaa mchana kweupe. Kisha yakaja mashume, yale mapaka dume, pamoja na majike kutoka mitaa mingine, yakifuata matumbo ya samaki yaliyorundikwa nyuma ya mabanda. Yakapigana, yakakojolea meza. Majike wakazaa ndani ya makreti. Miezi sita haikuisha, paka wakafika ishirini na wanne, na hakuna hata mmoja mwenye sikio lililokatwa.

Bwana Shaweji akaitisha mkutano, chupa mkononi. "Safari hii hakuna magunia," akasema. "Natia sumu kwenye matumbo ya samaki, yaishe."

Bi Zawena akasimama. "Na kunguru wakiyabeba matumbo hayo wakayadondosha kwenye visima? Wajukuu zako wanakunywa maji ya wapi, mwenyekiti?"

Shaweji akaishusha chupa.

"Uliwaondoa paka ambao wengi wao hawazai tena. Wamekuja hawa, wote wanazaa. Wamefuata nini? Njoo uone."

Akamshika mkono, akamvuta hadi kwenye lile lundo, nzi wakivuma. "Hili hapa. Paka umewahamisha, hili umeliacha. Kumhamisha paka si kuhamisha jalala!"

Wachuuzi wakaguna. Shaweji akalitazama lundo, akaitazama chupa yake. "Sasa nifanye nini, dada yangu?"

"Matumbo yafukiwe kila siku. Na hao paka, nipe vizimba na watu wa kunisaidia."

Shaweji mwenyewe akawa wa kwanza kubeba kizimba. Shume moja likamparura mkono ukavimba wiki nzima, naye hakuacha. Mwaka ulipogeuka, paka wote walikuwa na masikio yaliyokatwa, na hakukuwa na watoto wa paka sokoni. Ila Bi Zawena hakutulia kamwe. Kila Ijumaa alivuka mto, akawaita wale kumi na watano wasioonekana. Hakumpata hata mmoja.

Kisha habari zikaja kwamba soko la jirani linaandaa magunia. Bi Zawena alikuwa ng'ambo, akiita. Aliyekwenda kuwazuia ni Shaweji. Akasimama mbele ya watu wasiomjua, akawaonyesha makovu ya mkononi.

"Mimi nilifanya hilo mnalotaka kufanya," akasema. "Yupo mama mmoja mpaka leo anatafuta nilichotupa, na jalala langu likabaki palepale. Jamani, kumhamisha paka si kuhamisha jalala."