Bunduki ya Mtu Mmoja

Nyani wa msitu wa Biharamulo hawana adabu wala hawana Jumapili. Mahindi yakianza kutoa maziwa, hushuka kundi zima mchana kweupe, dume kubwa likitangulia kama mwenye shamba, wakavunja na kutafuna huku wanakutazama usoni. Katika kijiji kimoja nje kidogo ya Nyakanazi, wakulima walichoka kuwalimia nyani. Wakakutana mbele ya ghala la chama chao cha ushirika na kukubaliana kwamba dawa ya wezi wale ni mlio wa bunduki.

Ubishi ulizuka kwenye jina. Mwenyekiti wao, Deodata, mjane asiyemung'unya maneno, alitaka kibali kiombwe kwa jina la ushirika, kisha wachaguliwe watu watatu wafundishwe kuitumia kwa zamu. Mzee Ngassa, mkulima na mfugaji aliyehamia huko kutoka Shinyanga akiwa bado kijana, aliangua kicheko.

"Mama Anatoli, mali ya wote ni mali ya nani? Bomba la kupulizia dawa tulilonunua pamoja liko wapi leo? Kuku wanatagia humo! Mimi nitauza ng'ombe wangu, nitanunua bunduki yangu, na itaandikwa jina langu. Basi!"

"Haya, baba Diana," alijibu Deodata. "Ukubwa jalala. Utakuja kuniambia."

Ngassa hakuwa mtu wa maneno matupu. Alihangaika na vibali, akahojiwa, akafundishwa, na hatimaye akasimama mbele ya afande kituoni kuandikishwa bunduki ya marisau. Afande alimweleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Mzee, anayeandikwa hapa ndiye pekee anayeruhusiwa kuishika. Si mkeo, si mwanao, si jirani. Usipokuwepo, inalala kabatini chini ya kufuli. Ingeandikwa kwa jina la ushirika, wangeidhinishwa watu kadhaa. Umefikiri vizuri?"

"Jina langu peke yangu, afande. Ndivyo ninavyotaka." Kisha akainamia meza na kushusha sauti. "Tena nimesikia kuna kifaa cha kuziba mlio. Ng'ombe wangu ni waoga. Nacho naweza kukiandikisha?"

Afande alicheka mpaka akafuta machozi. "Mzee wangu, unataka kuwafukuza nyani kimyakimya? Hicho sahau!"

Basi Ngassa akarudi kijijini kifua mbele. Siku ya kwanza alipofyatua hewani, nyani walitimka wakiachiana watoto njiani, na kijiji kizima kikashangilia. Watu wakamwita Bwana Bunduki, naye akavimba kichwa. Lo, utamu wa sifa! Hakujua kwamba sifa nayo hudai ujira.

Maana nyani hawakuacha kuja, na bunduki ilikuwa na mikono miwili tu duniani. Hajamaliza uji, mtu yuko mlangoni: "Shikamoo mzee, nyani wako kwangu!" Akirudi kutoka huko, mwingine anamwita upande wa pili wa bonde. Mnadani haendi. Kanisani anaondoka katikati ya mahubiri. Magoti yakaanza kulia kuliko bunduki yenyewe. Nao nyani, wajanja wale, wakajifunza kumvizia: wakimwona yuko bondeni, wanashukia mlimani.

"Baba Diana, ungeniambia tu kwamba unaoa mke wa pili," mkewe Yuster alimtania. "Tena huyu hapiki wala hafui, na hakuachi utoke."

Ngassa alicheka, lakini kicheko kilimkauka harusi ya Diana ilipokaribia. Diana alikuwa binti yake wa pekee, na alikuwa anaolewa Mabawe, kule Ngara, katika wiki ileile ambayo mahindi yalikuwa yamenona. Akienda harusini, bunduki inafungiwa, na mashamba ya kijiji kizima yanabaki mikononi mwa nyani. Asipoenda, mwanawe atakabidhiwa na mtu mwingine.

Aliwaza kumwachia bunduki Desderius, mpwa wake. Yuster akang'aka: "Thubutu! Mtakwenda kuonana lupango, wewe na yeye!" Mzee akaona hana njia. Akamwita binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake mdogo ndiye atakayemsindikiza kanisani.

Diana hakulia wala hakugomba. "Nimeelewa, baba," alisema, akainuka kwenda kuchota maji. Maneno hayo mawili yalimchoma Ngassa kuliko matusi. Alikaa pale kwenye kigoda, akaona aibu, akajichukia. Alitaka bunduki iwe yake, na sasa yeye ndiye amekuwa wa bunduki.

Alikimeza kiburi chake kama mtu anayemeza mwarobaini, akaenda kwa Deodata. Alimkuta anapura maharage.

"Mama Anatoli, nimeshindwa," alisema hata kabla ya kuketi. "Nataka kumpeleka mwanangu, na nataka watu wasilie njaa kwa ajili yangu. Nikirudi, tuihamishie kwa ushirika. Nisaidieni tu siku hizi."

Deodata alimwacha asimame kidogo. Naye ni binadamu, alikuwa hajasahau kile kicheko. Kisha akatupa fimbo yake ya kupuria.

"Tuogope nini? Madebe tunayo, mbwa tunao, filimbi tunazo, na makoo tumepewa na Mungu. Funga bunduki yako, baba. Kamtoe mtoto."

Na kweli, Jumamosi ile Ngassa aliingia kanisani Mabawe akiwa na Diana mkononi. Binti alimbana mkono mpaka vidole vikamuuma, naye hakuuondoa. Padri alipouliza nani anamtoa bibi harusi, mzee alijibu, "Mimi, baba yake," na Yuster akapiga kigelegele kabla ya wakati.

Katikati ya ngoma simu ikaita. Ngassa akatoka nje mbio kuipokea.

"Mama Anatoli! Wamekuja?"

"Wamekuja wote, na bibi zao!" Nyuma ya sauti yake madebe yalikuwa bado yanalia na watu wanacheka. "Tumepanga watu kila pembe, hawakupata pa kushukia. Wameondoka na mahindi mawili matatu. Rudi ukacheze!"

Akarudi, akacheza mpaka magoti yakasahau maumivu yake.

Wiki iliyofuata alikuwa kituoni pamoja na viongozi wa ushirika. Afande akamkumbuka. "Mzee, si wewe uliyetaka jina lako peke yako?"

"Afande, jina langu limechoka."

Shughuli ilichukua miezi, lakini ilikamilika. Waliidhinishwa watatu: Ngassa, Desderius, na Deodata mwenyewe, ambaye shabaha yake iliwanyamazisha wanaume. Msimu uliofuata, Diana alipokuja kuwasalimia wazazi, mlio wa bunduki ulisikika kutoka ng'ambo ya bonde. Ngassa alinyanyuka nusu, akakumbuka kwamba zamu si yake, akaketi tena kando ya binti yake na kummegea hindi la kuchoma. Ama kweli, jifya moja haliinjiki chungu.