Mlingoti Uliochipua

Hapo zamani, zamani ya vita vya Wazungu, si ile ya sungura na fisi, palikuwa na mjane akiitwa Subilaga. Tegeni masikio vizuri, maana mimi mwenyewe kila nikiisimulia hadithi hii huishia kukuna kichwa.

Subilaga alikuwa na shamba la migomba juu ya kilima. Mumewe alilifyeka kutoka porini, akafa, akazikwa humo humo. Mjane hakuwa na kingine duniani.

Nchi ile ilikuwa na mila yake. Mtu akitaka ardhi, alichomeka mti mbichi. Ukikauka, ardhi imemkataa, aende zake. Ukichipua, ardhi imemkubali. Na ukichomekwa kwenye shamba lenye mwenyewe, mwenyewe huung'oa, yakaisha. Lakini mwenye shamba akiumwagilia maji, amemkaribisha aliyeuchomeka, shamba limekuwa la huyo, na mwenyewe hana ruhusa ya kumfukuza tena.

Basi, akaja Mjerumani. Akapanda kilima, akapapenda, akataka bendera yake isimame pale pale katikati ya migomba. Mlingoti hakuwa nao. Akamtuma mpagazi mmoja akakate. Mpagazi huyo alikuwa Ambilike, mdogo wa marehemu mume wa Subilaga, aliyekamatwa njiani na kutwishwa mzigo kwa nguvu. Ambilike akakata mti uliokuwa karibu, ule wa kujengea nyua, akachimba shimo, akauchomeka. Mjerumani akatundika bendera, akasema atakayeung'oa atachapwa viboko.

"Shemeji, umenifanyia nini?" Subilaga akauliza.

"Mimi ni mkono tu, shemeji. Mwenye mkono ni yule."

"Na huu mti, utakauka?"

Ambilike akautazama, akautazama tena. "Sijui," akasema, akajitwisha mzigo wake akaondoka.

Kiangazi kikaja, kiangazi kibaya. Migomba ikanyauka. Visima vikabaki matope. Na mlingoti, jamani, mlingoti ukachipua. Jani moja, halafu la pili, chini ya bendera ya Mjerumani.

Asubuhi moja Subilaga alikuwa akisuuza chungu, akaona jani limelegea. Akaenda, akamwaga maji shinani. Kesho yake akamwaga tena. Jirani akamwona akashika kiuno.

"Subilaga, unajua unachokifanya?"

"Huu mti haukuomba kuletwa hapa," akajibu. "Nao una kiu kama mimi."

Lakini usiku alipojilaza alijiuliza: kwa nini, hasa? Alimchukia Mjerumani. Aliichukia na bendera ile. Hata hivyo kitu pekee cha kijani shambani kwake kilikuwa kile, na mkono wake ulikwenda wenyewe. Kulipokucha akaumwagilia tena.

Akaja Mwingereza. Risasi zikapasua migomba, watu wakajificha mapangoni, na kuliponyamaza Mjerumani alikuwa amekimbia. Mwingereza akashusha bendera ya mwenzake, akatundika yake kwenye mti ule ule. Tena ilibidi askari wapunguze matawi kwanza, ndipo bendera ionekane.

Na Ambilike akarudi, mguu mmoja hauinuki, nyumba hana, shamba hana. Akaketi chini ya mti ule akauegemea.

Mwingereza akawaita wazee, mkalimani akasema kwa niaba yake: "Mimi si kama yule. Mimi natawala watu kwa mila zao. Semeni, kwa mila yenu, hapa ni pa nani? Kama ni pangu, najenga boma na mjane anahama. Kama si pangu, nahamia kilima kile. Neno lenu nitalishika."

Wazee wakamweleza mila ya mti, na jinsi mjane alivyoumwagilia. Mwingereza akawa wa kwanza kudai. "Mjerumani ndiye aliyeamuru mti uchomekwe. Ukachipua, mwenye shamba akaumwagilia. Pakawa pake. Nami nimemshinda, kwa hiyo alichokuwa nacho ni changu."

Subilaga akasimama. "Ukimshinda mwizi wa mbuzi, mbuzi hurudi kwa mwenyewe. Hapa alifyeka mume wangu, na hapa amelala. Mti niliuonea huruma. Sikumkaribisha mtu."

"Mila haiulizi ulikuwa unawaza nini," mzee mmoja akasema kwa upole. "Inauliza ulimwaga maji au hukumwaga."

"Nilimwaga," Subilaga akasema.

Ambilike akajikongoja akainuka. "Basi nisamehe, shemeji, nisameheni wazee. Mjerumani hakugusa mti huu. Aliyekata ni mimi, aliyechimba ni mimi. Mila inasema aliyechomeka, haisemi aliyeamuru. Mimi sina pa kulala."

"Si ulisema wewe ni mkono tu?" Subilaga akamuuliza.

"Nilisema, shemeji. Ningesema nini, na bunduki iko mgongoni?"

Wazee wakavurugikiwa. Ukisema mkono wa mtumwa ni wa bwana, umemkabidhi Mwingereza kilima. Ukisema mkono ni wa mwenye mkono, Ambilike amepata shamba kwa kazi aliyoshurutishwa, na mjane anaamka kesho mgeni penye kaburi la mumewe. Ukisema shamba ni la mjane, maji yale yalikuwa nini? Na mila mkiivunja leo kwa huruma, kesho Mwingereza atauliza ni mila gani hiyo anayotakiwa kuishika.

Mzee mkubwa akafungua kinywa, akakifumba. Mwingereza akaanza kutazama saa. Subilaga akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji mkono huu na panga mkono huu, akasimama mbele ya mti, hajui aanze na kipi.

Haya, nanyi mmekaa hapo mnatafuna karanga zangu tangu nianze. Msinijibu kwa kumhurumia mama wa watu, maana huruma ndiyo iliyotufikisha hapa. Mzee kinywa kimemshinda, semeni ninyi: shamba lile lilikuwa la nani?