Picha ya Kifua cha Mama

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja wa kule milimani. Siku moja mvua ilimshtukiza akianua kahawa yake, akateleza, akaangukia ubavu. Hospitalini wakampiga picha ya kifua. Daktari akaitazama, akaandika: ubavu mmoja umevunjika. Mama akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani.

Mwaka mmoja na ushei baadaye akafariki, tena si kwa ubavu. Ilikuwa saratani ya pafu. Binti yake alipoitoa ile picha ya zamani, akaona alama ilikuwapo tangu siku ile, ndogo kama punje ya kunde, karibu na bega la upande wa pili.

Huyo binti alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi madaktari wanavyozitazama picha za wagonjwa. Alikuwa na mashine inayofuata mboni ya jicho, ikionyesha limepita wapi na limetua wapi. Basi kila jioni aliitundika picha ya mama yake mbele ya taa, akaitazama. Hakuwa na nyingine iliyopigwa karibu na mwisho. Haikuwa na uso, lakini ilikuwa ya mama. Nanyi mliozika mnaijua hamu ya namna hiyo.

Alitaka kujua jambo moja tu: yule daktari hakuangalia? Akalifuta jina, akaichanganya picha na nyingine hamsini, akawaita madaktari kumi na wawili wazisome. Tisa waliuona ubavu, wakaandika, wakahamia picha inayofuata bila kuitaja ile alama. Kati ya hao tisa alikuwamo mzee mmoja aliyewafundisha wengi. Binti akamwonyesha njia ya jicho lake, hadi kwenye ile alama.

Mzee akashangaa. “Kumbe nilipaangalia hapa?”

“Jicho lako lilitua hapo sekunde nzima, daktari.”

Mzee akasema, “Nilikuwa nimeshapata jibu. Ukishapata jibu, jicho huendelea kutembea, lakini mwenyewe umeshaondoka.” Akauliza picha ni ya nani. Binti akamwambia ni ya mama yake, na kwamba siku hizo walizungumza kwa simu tu. Mzee akavua miwani, akampa pole kama mzazi. Akamweleza pia kwamba hata ingeonekana mapema, huenda mama angepona, huenda asingepona. Halafu akauliza, kwa upole tu, wala hakuwa na nia ya kuumiza:

“Na kwenye simu, mwanangu, mlikuwa mkiongea nini?”

Binti akazikumbuka zile simu. Alipiga kila Jumapili, hakukosa hata moja. Kila Jumapili aliuliza, “Mama, ubavu unaendeleaje?” Mama akajibu, “Unapona, mwanangu.” Naye akamshukuru Mungu, wakaagana. Na mama alikuwa anakohoa. Alikohoa katikati ya maneno, miezi na miezi, na binti alikuwa anasubiri kikohozi kiishe ili waendelee na mazungumzo. Sikio lilitua pale pale. Yeye alikuwa ameshapata jibu.

Akalia mbele ya yule mzee. Angetoa mashine yake na vyeti vyake vyote apate Jumapili moja tu, ampigie mama, asiulize habari za ubavu.

Haikurudi. Alichofanya ni kurudi kazini. Leo anawafundisha madaktari vijana kwamba wakishaona ugonjwa mmoja waweke kalamu chini, waanze tena kutazama kutoka juu, kana kwamba hawajaona kitu. Wapo wagonjwa waliookolewa hivyo. Lakini bado ana hamu ya mama yake.

Sasa tujiulize sisi. Si sisi tunaosalimiana kutwa nzima? Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Watoto je, wazima. Tukishaisikia hiyo “nzuri” tunaondoka, miguu ikiwa bado imesimama mbele ya mtu. Tunamuuliza mjane habari za shamba, naye anatujibu habari za shamba. Nani amemuuliza analalaje? Na Bwana wetu alipomuuliza Petro kama anampenda, akajibiwa ndiyo, je, aliondoka? Aliuliza mara tatu.

Aliyeketi karibu nawe kwenye benchi hilo umemsalimia leo asubuhi. Amekuambia hajambo. Mgeukie sasa, umuulize tena.